Kosa la Mtoto Lina Kanuni

"Samaki mkunje angali mbichi." Methali hii hukaririwa katika vyumba vya walimu kila mara inapotetewa haki ya mtoto kukosea. Sisi tufundishao Kiswahili twaipinga tafsiri hiyo. Mtoto si samaki wa kukunjwa. Huja shuleni na akili iliyokwisha kuzoea kutafuta kanuni.

Tuseme mwanafunzi wa darasa la pili ameandika: "Kipepeo kizuri kimeruka." Kalamu nyekundu hushuka hapo hapo, na pengine fimbo huifuata. Lakini mtoto huyo amefikiri. Amesikia kitabu kizuri, kiti kizuri, kikombe kizuri. Akaona kanuni, akaitumia. Lililomponyoka ni moja tu, kwamba chenye uhai hufuata upatanisho wa mtu: kipepeo mzuri ameruka. Je, huyu ndiye wa kuitwa mjinga?

Mswisi Jean Piaget, alipokuwa Paris mwanzoni mwa miaka ya 1920, alipewa kazi ya kuwapima watoto akili kwa maswali. Yeye alivutiwa na majibu yasiyo sahihi, kwani aliona watoto wa rika moja wakikosea kwa namna moja. Baadaye alionyesha kwamba mtoto mdogo, akiona safu mbili za vitu vilivyo sawa kwa idadi, kisha moja ikatandazwa, husema kuwa ile ndefu ina vingi zaidi. Lakini mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson walitoa jaribio ambalo safu ilivurugwa na dubu wa kuchezea, kana kwamba kwa utundu. Watoto wengi zaidi walijibu sawasawa. Donaldson alieleza kwamba mtoto hujibu kwa kutazama pia nia ya mkubwa anayemwuliza.

Ikiwa swali la mtaalamu laweza kumpotosha mtoto, sembuse letu, liulizwalo kwa ukali, tena kwa lugha ambayo pengine haisemwi nyumbani kwao?

Tutaambiwa kuwa madarasa yamejaa na muda hautoshi. Hiyo si hoja. Kuuliza "Kwa nini umesema hivyo?" hakumalizi dakika moja, na kwa kuwa watoto hukosea kwa kufanana, jibu la mmoja hutufungulia makosa ya wengi.

Walimu wenzetu, hatuna budi kuuliza kwanza, ndipo tusahihishe. Na fimbo ibaki nje ya somo la lugha.