Hotpot na Waini Nyekundu? Wacheni Maringo

Wasee, hii kitu imenichosha. Juzi tulienda birthday ya beshte wangu kwa hoteli moja ya Wachina hapo Kilimani. Msichana mmoja akaitisha chai ya jasmini, meza nzima ikacheka. Eti chai ni ya ushago, itisha waini nyekundu kama mtu mkubwa! Akaona aibu, akachangia chupa ya Cabernet Sauvignon. Mimi najua huyo dem hukula chapo madondo wiki nzima ndio kodi itoshe. Na chupa hatukumaliza.

Hatukumaliza kwa sababu ilikuwa mbaya na hicho chakula, lakini nani angethubutu kusema?

Cabernet imejaa tanini, ile kitu inakausha mdomo kama umeuma ndizi mbichi. Sisi tulikuwa tunakula hotpot ya Sichuan: pilipili kavu, mafuta mekundu, na zile punje zinazofanya midomo ife ganzi. Kilevi hakizimi pilipili, kinaichochea. Halafu ukichovya nyama kwa sosi ya soya, waini inazidi kuwa chungu. Umelipa pesa mingi ndio uteseke mara mbili. Waini nyeupe yenye utamu kidogo kama Riesling ingesaidia. Bia baridi pia. Na chai, manze, chai ndiyo Wachina wenyewe wamekunywa miaka na miaka.

Najua kuna mjuaji atakuja hapa aseme Wachina hunywa nyekundu. Ndiyo, na wanaitengeneza. Kampuni ya Changyu ilianzishwa Yantai mwaka 1892, na siku hizi mkoa wa Ningxia unatoa waini inayoshinda tuzo nje. Lakini kwa karamu nyingi za huko, chupa nyekundu iko mezani juu ya rangi ya bahati na kuonyesha mgeni heshima. Hiyo ni sawa, ni mila yao. Wewe wa Umoja unamheshimu nani?

Na sisemi nyekundu haiingiani na chakula chochote cha Kichina. China ni kubwa, bana. Bata wa Peking, yule wa ngozi kavu na mafuta, mpe Pinot Noir yenye tanini kidogo uone. Shida yangu ni kulazimisha mtu.

Mwisho wa mwezi tunarudi huko. (Kama hujafika 18, hii mjadala wa chupa haikuhusu, itisha wali.) Mimi naagiza chai, birika nzima, na atakayecheka ndiye analipa bili.