Mbwa Si Kachumbari

Nilikuwa kimya, testi zilinibana, na bumu nalo ndio hivyo tena, mnajua wenyewe. Leo naandika na hasira kidogo, mtanivumilia.

Hapa hosteli kuna ubishi toka mbwa wa mlinzi wa geti letu alipoanza tena kutoa vipele vya usaha mgongoni. Ni mara ya nne hii. Ananuka, manyoya yamenyonyoka, na kuna watu wameshaanza kusema chini chini kwamba awekewe sumu tupumzike. Kambi ya kwanza inataka achomwe sindano kama kawaida. Kambi ya pili, yenye kelele zaidi, inaongozwa na rafiki yangu anayesoma kilimo cha bustani (kwa hiyo vitunguu ana maslahi navyo). Yeye anasema antibiotiki ni za wazungu, turudi kwenye asili yetu: kitunguu saumu kwenye ugali wa mbwa, mshubiri mgongoni, siki kwenye majeraha. Mimi ninayesoma udaktari wa mifugo nikifungua mdomo naambiwa nimetekwa na makampuni ya madawa.

Haya, tuanze na huo uasili. Penisilini imetoka kwenye ukungu, Fleming aliuona mwaka 1928. Streptomaisini, 1943, imetoka kwa bakteria wa udongoni. Oksitetrasaiklini, hiyo hiyo sindano mnayoitukana, nayo ilipatikana kwa bakteria wa udongoni ikatangazwa mwaka 1950. Sasa kama kigezo ni asili, niambieni udongo umekosa nini? Na ile siki ya chupa mmeinunua supamaketi!

Kitunguu kinaniuma zaidi, kwa sababu kinadhuru. Vitunguu vyote, saumu na maji, vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mwili wa binadamu unavumilia, wa mbwa hapana. Kitunguu maji kiasi cha gramu 15 mpaka 30 kwa kila kilo ya mbwa kinatosha kuleta mabadiliko mabaya kwenye damu. Piga hesabu: mbwa wa kilo 10, gramu 150, hicho ni kitunguu kimoja kikubwa au viwili. Kwa saumu, watafiti wa Japani mwaka 2000 walichapisha matokeo ya mbwa waliopewa maji ya kitunguu saumu siku 7. Hakuna aliyefikia kuishiwa damu, lakini chembe zao zilionekana zimeharibika. Sasa mbwa wetu ana viroboto wanaomnyonya, analala nje, na nyie mnataka kumpunguzia damu tena kwa jina la utamaduni? Mshubiri nao, ile maji ya njano ya kwenye ganda inaharisha, na mbwa ukimpaka kitu mgongoni lazima atakilamba. Asali siitukani. Ikiwekwa kwenye kidonda kisafi inafanya kazi, inanyonya maji ya bakteria na ina tindikali. Lakini nani atampaka mbwa mzima asali, mchwa nao wakae wapi?

Kambi ya sindano msicheke, zamu yenu imefika.

Mnaenda dukani, mnanunua, mnachoma mara moja, usaha unapungua, mnaacha. Baada ya mwezi unarudi, mnachoma tena. Hiyo ndiyo shule ya bakteria. Fleming mwenyewe alipopokea Nobel mwaka 1945 alionya juu ya dozi pungufu, kwamba zitawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Mwaka 2019 peke yake inakadiriwa watu milioni 1.27 walikufa duniani moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Na bakteria anayesumbua sana ngozi ya mbwa, Staphylococcus pseudintermedius, tayari ana ndugu zake wasiosikia amoksisilini wala jamaa zake.

Tatizo langu na kambi zote mbili ni moja: hakuna aliyeuliza kwa nini usaha unarudi. Huyo bakteria anaishi kwenye ngozi ya mbwa mzima siku zote, hana neno. Anapata nafasi pale ngozi inapoharibiwa na kitu kingine, yaani viroboto, utitiri wa upele, aleji, au homoni za tezi ya shingoni zikipungua. Usaha ni mgeni, mwenyeji yuko ndani amejificha. Ukimfukuza mgeni kila mwezi, kwa sindano au kwa kachumbari, mwenyeji atakaribisha wengine.

Juzi tukaenda watatu kumwangalia yule mbwa kwa utulivu, mzee mlinzi akatushikia. Vipele vimejaa kiunoni na kwenye shina la mkia, na manyoyani kuna vipunje vyeusi. Tukaviweka kwenye karatasi nyeupe, tukadondoshea maji, vikatoa wekundu. Mavi ya viroboto, ni damu iliyosagwa. Mzee akasema, "Wanangu, mbona hata mimi wananing'ata kwenye kibanda?" Analala kwenye gunia lile lile mwaka wa pili, mbwa lakini, sio mzee. Viroboto unaowaona kwa mbwa ni wachache tu, mayai na funza wao wako kwenye gunia na kwenye vumbi la sakafu.

Basi mkitaka dawa ya asili, hiyo hapo: choma gunia, fagia kibanda kila siku, tandiko jipya lianikwe juani. Halafu dawa ya viroboto iliyopimwa kwa uzito wake. Na kwa usaha wenyewe, shampuu ya klorheksidini mara mbili au tatu kwa wiki, povu likae dakika 10 kabla ya kusuuza. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliolinganisha klorheksidini ya kuogeshea na antibiotiki ya kumeza kwa usaha wa juu juu wa ngozi, na matokeo yakakaribiana. Imetengenezwa kiwandani, sio ya bibi yeyote, lakini inabaki kwenye ngozi na haiwafundishi bakteria wa tumboni kuzoea antibiotiki.

Ila usaha ukishuka chini ya ngozi, mbwa ana homa, hataki kula, hapo antibiotiki inahitajika, dozi kamili, na ikiwezekana usaha upelekwe maabara kwanza ijulikane dawa ipi inaua. Na jike akitokwa usaha ukeni huku anakunywa maji kupita kiasi, msinipigie simu mimi, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo, huenda akahitaji kupasuliwa.

Kuogesha kunaanza jumamosi saa tatu asubuhi bombani nyuma ya kantini. Nahitaji watu wawili wenye mikono yenye nguvu, na huyo bwana wa bustani aje na ndoo, vitunguu aviache chumbani.