Mazungumzo ya Nyumbani: Zawadi ya Noeli kwa Dada

Mwezi wa Desemba umeingia, mvua zanyesha juu ya migomba, na barabara itokayo Bukoba kwenda Muleba imejaa watu warudio kwao. Katika nyumba nyingi swali ni lile lile: nimpelekee nani nini? Mwalimu mmoja kijana ametuuliza hivi: "Dada yangu ameolewa Kamachumu. Yeye ndiye aliyenilea, na kwa jasho lake nilisoma. Fedha yangu si nyingi. Nimpe zawadi gani ya Noeli iliyo ya haki?" Swali hili limetupendeza, maana hakuuliza zawadi ya kujionyesha, bali iliyo ya haki.

Kwanza hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tulimpelekea dada yetu chupa ya chai na vikombe sita vya kioo, vimefungwa vizuri katika sanduku. Alitushukuru kwa furaha, akatuchinjia kuku. Tulipofika tena wakati wa Pasaka tulikuta sanduku li juu ya kabati, halijafunguliwa. Tukamwuliza, "Dada, je, hukuvipenda?" Akacheka, akasema, "Nimevipenda sana, mdogo wangu. Lakini chai nainywa wageni wakija, na maji nayachota kila siku." Tukatazama mlangoni, tukaona madumu mawili, na njia iteremkayo bondeni hata kisimani. Tulikuwa tumeipita njia ile miaka mingi, wala hatukuiona.

Nchi ya Bukoba ni nchi ya mvua. Mjini hunyesha kadiri ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo yote ilikuwa ikimwagika juu ya bati la dada yetu na kupotea ardhini, kisha yeye akashuka bondeni kuifuata na dumu kichwani. Noeli iliyofuata tulimpelekea mifereji ya bati ya kukingia maji, na pipa moja kubwa, na fundi wa kuifunga. Vitu hivi havikufungwa kwa karatasi ya maua, wala hakuna jirani aliyevisifu. Lakini usiku ule mvua iliponyesha, dada yetu alitoka nje na taa, akasimama kimya akisikiliza pipa likijaa. Ndipo tulipomkumbuka Aksa binti Kalebu, aliyepewa shamba kavu alipoolewa, akarudi kwa baba yake kuomba chemchemi, naye akapewa za juu na za chini.

Basi, mwalimu, hili ndilo jibu letu la kwanza: kabla ya kwenda dukani, nenda kwa dada yako. Keti naye jikoni muda wa nusu siku, utazame. Ni kazi gani imwumizayo mgongo? Ni kitu gani anachokiazima kwa jirani kila juma? Ni nini alichowanunulia watoto, akajinyima mwenyewe? Kama jembe lake limekwisha, mpelekee jembe. Kama nyumba yake huwaka kibatari, mpelekee taa ipatayo nguvu kwa jua. Kama macho yamefifia hata hawezi kusoma Biblia yake, mpeleke kwa daktari wa macho apimwe, apate miwani. Tena kama huna fedha kabisa, mpe siku mbili za mikono yako: pogoa migomba yake, palilia, tandaza nyasi shinani mwa mibuni. Kazi ya ndugu ni zawadi isiyoingiwa na nondo.

Na dada aliye mbali, Mwanza au Dar es Salaam, je? Huyo mpelekee harufu ya nyumbani. Senene huanguka mwezi wa Novemba na Desemba, kana kwamba wametumwa kwa ajili ya Noeli. Wachambue mbawa na miguu, wakaange, wakauke vema, kisha watie katika kopo lisiloingia unyevu. Ongeza kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochumwa mbichi, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, ambazo kwetu mgeni hupewa kabla ya neno lo lote. Dada afunguapo kopo hilo katika chumba chake cha kupanga, atajua kwamba kwao hawajamsahau.

Lakini senene hao watukumbusha jambo jingine. Wazee husimulia ya kwamba zamani wanawake na wasichana ndio waliokwenda kuwakusanya, asubuhi na mapema, katika majani yenye umande. Ila kuwala ilikuwa haki ya wanaume. Mke aliyemletea mumewe senene wengi alipewa nguo mpya, naye akashukuru. Leo twacheka tusikiapo hayo, na wanawake wanakula senene kama waume. Je, neno hili limekwisha katika mambo yote? Yuko dada aliyepalilia kibanja cha baba tangu utoto wake, akabeba mbolea, akachuma kahawa, na siku ya kugawa akaambiwa, "Wewe ni wa kuolewa." Aliyekusanya hakula.

Kanuni za sheria za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu binti kuitumia ardhi ya ukoo, lakini si kuiuza. Mwaka 1988, mwanamke mmoja wa Muleba aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, alipoona kuwa amezeeka wala hana mtu wa kumtunza, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo akamshitaki. Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe ilimnyima haki mama yule. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikampa. Na mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ikakata shauri kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi aliyoirithi sawasawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba yakataza ubaguzi. Baadaye, mwaka 1999, sheria mbili za ardhi zikatungwa zenye kutamka kwamba mwanamke aweza kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume.

Sisi hatumhukumu mtu katika shauri lile. Twayashika maneno mawili tu: hana mtu. Kama dada amezeeka na kuachwa peke yake, hata akalazimika kuuza udongo wa baba yake ili apate kula, basi ukoo ulipungukiwa kabla ya kufika mahakamani.

Kwa hiyo, ninyi ndugu waume, tena ninyi wazazi mlio hai, twawaomba jambo moja mwaka huu. Watoto wote wakiisha kula siku ya Noeli, ketini pamoja. Semeni wazi mbele ya wote ni sehemu gani ya kibanja iliyo ya binti, mkaionyeshe kwa miguu, mgomba kwa mgomba. Kisha liandikwe neno hilo, mbele ya mashahidi, baba angali ana nguvu ya kusema. Binti za Selofehadi waliomba urithi kati ya ndugu za baba yao, nao wakaambiwa kwamba wamesema haki. Si vema binti zetu waombe mara mbili.

Mwalimu wetu kijana pengine atasema, "Mimi sina kibanja cha kugawa." Ni kweli. Lakini sauti unayo. Siku ile wazee wakigawa, sema, "Na dada je?" Kabla ya siku hiyo, mpelekee jembe au pipa, ukae naye nusu siku jikoni. Ukitenda yote mawili, umempa iliyo ya haki.

Noeli njema kwenu nyote, na kwa dada zetu kwanza.