Programu Huria Yapasa Kuundwa Kutoka Chimbuko Lake

Mafundisho ya programu huria katika shule za sekondari aghalabu huishia pale mwanafunzi anapoipokea programu iliyokwisha undwa, akaiweka katika kompyuta na kuanza kuitumia. Yamkini hilo latosha kwa karani wa ofisi. Kwa mwanafunzi wa sayansi halitoshi hata kidogo. Programu huitwa huria kwa sababu msimbo wake asili, yaani maandishi ya mtunzi wake kabla hayajageuzwa kuwa amri za mashine, umeachwa wazi ili kila mtu ausome, aubadilishe na kuugawa. Ni kwa njia hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza, mwaka 2004, kushiriki katika kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Anayepokea kilichokwisha undwa hupata kitu cha bure; uhuru wenyewe hajaugusa.

Msimbo wa programu nyingi za aina hii hutunzwa kwa Git, chombo kilichoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Git ni mithili ya daftari. Kila badiliko huingizwa humo pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo, kisha hupewa nambari inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Herufi moja ikibadilishwa, nambari nayo hubadilika. Lakini toleo jipya linapotolewa, wasimamizi wengi hufunga furushi la msimbo na kuligawa kando ya daftari. Ndani ya furushi huongezwa mafaili ya kurahisisha uundaji ambayo daftarini hayamo. Tofauti hiyo ilizoeleka hata ikawa haimshtui mtu.

Mwaka 2024 hatari yake ilidhihirika. Xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, nayo hutumika sana katika kompyuta za Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuichangia mwaka 2021, akaaminiwa, hatimaye akakabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo. Katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ya Februari na Machi 2024, ulipenyezwa mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuamrisha seva za watu wengine kutoka mbali. Sumu yenyewe ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, ambayo daftarini yalikuwamo. Lakini agizo la kuiamsha wakati wa kuunda programu liliwekwa katika furushi peke yake. Aliyeunda kutoka daftari alipata sumu iliyolala. Aliyeunda kutoka furushi, katika mazingira yaliyolengwa, aliiamsha kwa mkono wake mwenyewe. Hila hiyo ilifichuliwa tarehe 29 Machi na Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliyeona kwamba kuingia katika seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko ilivyokuwa desturi. Nusu sekunde tu, naye hakuridhika mpaka ajue imetoka wapi!

Basi mwalimu aanzie wapi? Asianzie na Linux yenyewe wala kivinjari cha intaneti, kwani kazi hizo zaweza kuchukua saa nyingi na kuwavunja moyo wanaoanza. Lua yafaa zaidi. Hiyo ni lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazil. Msimbo wake ni takriban mistari 30,000 ya lugha ya C, nayo huundwa upesi hata katika kompyuta kuukuu. Gharama ya intaneti isiwe kisingizio. Git inaweza kuagizwa ilete hali ya mwisho tu bila historia (ijapokuwa historia ndiyo tamu), na nakala moja ikishafika shuleni, wanafunzi wote huinakili humo humo.

Kazi ya kuunda huongozwa na make, chombo alichokibuni Stuart Feldman katika maabara ya Bell mwaka 1976. Make hutazama tarehe za mafaili, kisha huiagiza kompaila igeuze kuwa amri za mashine yale tu yaliyobadilika. Mara nyingi kazi hukwama: maktaba fulani ya programu haipo, au kompaila ni ya zamani mno. Hapo ndipo elimu ilipo, kwa kuwa mwanafunzi hulazimika kusoma ujumbe wa kosa neno kwa neno na kugundua ni vitu vingapi ambavyo programu moja huvitegemea.

Asidhani mtu kwamba daftari huondoa mashaka yote. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alionyesha katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing, uliochapishwa mwaka 1984, kwamba kompaila yenyewe yaweza kupandikiza mlango wa siri ambao hauonekani katika msimbo. Hata hivyo, hila inayopenyezwa kati ya msimbo na programu iliyokwisha undwa yaweza kukamatwa kwa kulinganisha: watu wawili waunde msimbo ule ule, kwa kompaila ya toleo lile lile, kila mmoja mahali pake, na matokeo yafanane biti kwa biti. Debian imeishughulikia kazi hiyo tangu mwaka 2013. Shule mbili, mathalani moja Songea na nyingine Tanga, zaweza kuijaribu kwa Lua: zikubaliane nambari moja ya Git, ziunde, zikokotoe alama ya sha256 ya programu iliyopatikana, kisha zisomeane alama hiyo kwa simu. Zikitofautiana, wanafunzi wachunguze iwapo tofauti imetoka katika toleo la kompaila, katika jina la folda, au katika tarehe iliyopachikwa ndani ya programu.