Mumbua Hakusilimu

Jina langu la kwanza ni Zuhura, la pili ni Mumbua. Zuhura ni la nyanya yangu mzaa baba. Mumbua ni kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, na kama umetoka Kitui unajua mvua si kitu cha kupita hivihivi bila kumpa mtoto jina. Majina mawili, msichana mmoja. Lakini sikumbuki siku niliyoyataja yote mawili mbele ya mgeni nikakosa kuulizwa swali.

Ukambani swali ni, "Sasa wewe ni Mkamba wa aina gani?" Msikitini Nairobi swali ni, "Mashallah, ulisilimu lini?"

Nimechoka na yote mawili. Leo nataka kugombana na pande zote mbili, na nitaanza na nyumbani.

Nilipotimiza miaka 18 nilienda kuchukua kitambulisho. Ofisi sitaitaja, wenyewe wanajijua. Wenzangu watatu tuliomaliza shule pamoja walijaza fomu, wakapigwa alama za vidole, wakaenda kunywa soda. Mimi karani alisoma jina, akaangalia kitambaa kichwani, akaniuliza babu yangu alikuja Kitui mwaka gani. Alikuja! Nikamjibu kwa Kikamba, kile cha ndani kabisa cha Mutomo. Akamgeukia mwenzake wakacheka: hata wale wa ngamia siku hizi wanaongea Kikamba. Nikaambiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha baba, kitambulisho cha babu, na mzee wa kijiji aje mwenyewe kuapa kwamba mimi ni wa hapo. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Baba hajawahi kuona cheti chake cha kuzaliwa, sawa na wanaume wengi wa rika lake kijijini, ambao watoto wao hawakuombwa hicho cheti.

Ilichukua miezi saba. Kilipotoka, muda wa kuomba mkopo wa chuo ulikuwa umepita.

Sisemi kitambulisho peke yake ndicho kilichonitoa chuo. Mvua ilikosa misimu miwili, ndengu zikakaukia shambani, mbuzi wakauzwa mmoja mmoja, na karo ya mwaka wa pili haikupatikana. Niliacha masomo kwa sababu ya pesa, kama maelfu ya Wakenya. Unajua kijijini walisema nini? Ati nimeozwa. Wengine wakasema kwa Mwarabu wa Mombasa, wengine kwa Msomali wa Garissa mwenye malori. Hakuna hata mmoja aliyeuliza karo ilikuwa pesa ngapi. Kijana wa jirani, wa kanisani, aliacha chuo mwaka uleule. Yeye walimfanyia harambee.

Najua hofu ya Kitui inatoka wapi, na sitaifanyia mzaha. Wafugaji wa ngamia wakishuka kutafuta malisho upande wa Kitui Kusini na Mutitu, mashamba huliwa, na kuna watu wamezikwa kwa sababu ya ugomvi huo. Lakini huo ni ugomvi wa nyasi, maji na serikali iliyochelewa kufika. Ndengu za mjomba wangu zililiwa pia, na mjomba anaswali swala tano. Alipoenda kulalamika na wenzake, mmoja alimwambia awapigie simu "ndugu zake" waje wachukue ngamia wao. Mtu amepoteza chakula cha mwaka mzima, halafu anaambiwa yeye ndiye mwizi.

Na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mwaka juzi nilikuwa kwenye basi kutoka Garissa, nilikokuwa nimeenda kufanya kazi ya kuandika. Karibu na Mwingi tukasimamishwa. Polisi akapanda, akaangalia nyuso, akasema wanawake wenye hijabu washuke na vitambulisho. Tulikuwa sita. Nilipofika mbele yake sikutoa kitambulisho kwanza. Nilimsalimia kwa Kikamba. Akacheka, akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia, akasema, "Rudi ukae, mwaitu." Mama aliyekuwa ameketi kando yangu tangu Garissa, aliyenigawia tende na kunionyesha picha za wajukuu, alibaki pale chini. Kitambulisho chake kilikuwa halali kama changu. Basi liliondoka bila yeye. Nilikaa karibu na kiti chake kitupu hadi Thika, leso yake bado iko pale juu yake.

Kwa hiyo ukiniambia jibu la matatizo yangu ni kusema kwa sauti "mimi si Msomali, mimi ni Mkamba," nakwambia nililijaribu hilo jibu na lilifanya kazi, na bado naona aibu. Aprili 2014 serikali ilipokusanya maelfu ya watu Eastleigh na kuwafungia uwanja wa Kasarani, nchi nzima ilifundishwa Mwislamu wa kushukiwa ana sura gani. Februari 2025 Rais alitangaza kwamba msasa wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani umekwisha. Vizuri. Lakini Kitui haipakani na nchi yoyote. Msasa niliopigwa mimi haukuwa kwenye karatasi, ulikuwa kichwani mwa karani, na huko tangazo halifiki.

Kinachonichekesha ni hii imani kwamba Uislamu uliingia Ukambani juzi na gari la miraa. Krapf, mmisionari, alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mkubwa wa misafara aliyepeleka pembe za ndovu Mombasa. Kwa hiyo hata Injili ilipanda huku kwa njia ambayo Wakamba na watu wa Pwani walikuwa wameshaizoea kwa biashara. Halafu Makueni kuna mji unaitwa Sultan Hamud. Hamud gani huyo? Hamud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, wakati reli inapita hapo. Watu wanashuka matatu kila siku kwenye mji wenye jina la sultani Mwislamu, wananunua vitunguu, kisha wanafika nyumbani kuniuliza babu yangu alikuja lini. Makindu, mbele kidogo, kuna hekalu la Makalasinga ambapo msafiri yeyote hula bure, na sijawahi kusikia Mkamba akiliona geni. Tunajivunia, tena. Cha wengine kikituheshimu tunakipokea. Mimi ni wa hapa na sipokelewi.

Haya, sasa nyinyi wa msikitini, msicheke.

Nimewahi kufundishwa kutawadha, polepole, kwa sauti ya kumfundishia mtoto, na mwanamke wa umri wangu, kwa sababu tu nilisema naitwa Mumbua. Nilijifunza kutawadha Kibwezi nikiwa na miaka mitano, kwa birika la plastiki na maji ya kuhesabu. Nimeambiwa nibadilishe hilo jina la pili kwa sababu "si la Kiislamu." Mvua si ya Mungu? Na dada mmoja wa Pwani, tukiwa kwenye futari, aliniinamia sikioni kuniuliza kama najua mtu wa kamuti, mumewe anatoka sana. Huyu ndiye aliyekuwa amemaliza tu kunieleza ushirikina wa bara!

Kila Ramadhani, kijijini kwa mama huko Makueni, hufika gari lenye mchele na tende, na bango la kupiga nalo picha: msaada kwa Waislamu wapya. Mchele tunapokea, sitadanganya. Lakini yule mjomba mkubwa wa kule, anayesimamishwa mstari wa mbele, ana miaka 64. Babake alisilimu akifanya kazi bandarini Mombasa, kabla ya uhuru. Alizaliwa Mwislamu, akaoa Mwislamu, akazika wazazi Waislamu, na bado ni mpya. Upya wenyewe huisha mwaka wa ngapi? Mwarabu wa Lamu hatoi hesabu hiyo. Wote mnaisoma aya ya 13 ya Surat al-Hujurat kwenye mihadhara, ile ya mataifa na makabila. Mkifika kwa Mkamba mnaifunga.

Sensa ya 2019 ilihesabu Waislamu milioni 5 na ushei Kenya, kama asilimia 11 ya watu wote. Wewe unaona kanzu moja. Mimi naona nyumba yetu tu: binamu anayevaa nikabu na kufungua simu za watu kwa bisibisi sokoni kutwa nzima, kaka wa bodaboda anayeonekana msikitini Ijumaa peke yake, mama ambaye hajakosa alfajiri tangu nimjue, na mimi, ambaye alfajiri inanipita mara nyingi kuliko ninavyotaka mama asome hapa. Siku ya Idi shangazi yangu wa AIC ndiye anayepika, kwa sababu pilau yake haina mpinzani. Tunafuturu kwa muthokoi. Ukitaka mmoja wetu awe mfano wa wote, chagua, halafu njoo uwaeleze hao wengine kwamba hawapo.

Mdogo wangu anatimiza miaka 18 Novemba. Naye ana majina mawili, moja la nabii na moja la babu yetu. Amepata gredi ya kumpeleka chuo na ameshaanza kuniuliza abebe nini akienda kuchukua kitambulisho, kama aende na mzee wa kijiji mapema, kama avue kofia. Nimemwambia abebe cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha shule, kama wenzake. Kofia aamue mwenyewe. Nitaenda naye, na nikiulizwa babu alikuja mwaka gani, nitaomba tuanze na wa karani.