Usimlaumu Mbaraka, badili sindano!

Leo naomba viatu na mitindo ya nywele tuviweke kando kidogo, tuongee habari za santuri. Usicheke! Santuri zimerudi mjini, tena kwa fujo. Zamani zilikuwa mali ya wazee waliovaa bugaluu, siku hizi ukiingia geto la mshikaji unakuta pleya imekaa juu ya stuli kama mgeni rasmi.

Na si hapa kwetu tu. Kule Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri mpya milioni 41, wakati CD ziliuzwa milioni 33. Santuri kuizidi CD kwa idadi ilikuwa haijatokea tangu mwaka 1987. Kwa hiyo ukiona kijana anahangaika na santuri za dingi wake, usidhani amechanganyikiwa. Yuko kwenye chati.

Shida inaanza pale anapoiweka santuri na kusikiliza. Badala ya gitaa la Mbaraka Mwinshehe anasikia mtu anakaanga samaki. Mwimbaji akifika kwenye "s" inatoka "shhh", na wimbo ukikaribia mwisho wa upande ndiyo kabisa, sauti inapasuka kama kopo. Hapo utamsikia akitoa hukumu: "Ah, wazee hawa walikuwa wanarekodi vibaya."

Acha uongo, ndugu yangu! Mbaraka alifariki Januari 1979, hawezi kujitetea, basi mimi nitamtetea. Mara nyingi mbaya wako siyo mwanamuziki, na siyo santuri yenyewe. Ni kile kidude kidogo kwenye ncha ya mkono wa pleya: katriji na sindano yake.

Nikueleze kwa kifupi. Santuri ina mfereji mmoja tu mrefu, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Kuta za mfereji huo zimejaa mawimbi. Sindano, ambayo ni kipande kidogo cha almasi, inapita humo ikitikisika. Mtikisiko unapanda kwenye kijiti hadi kwenye katriji, na humo unageuzwa kuwa umeme. Umeme wenyewe kiduchu, kama milivolti 4 au 5 kwa katriji ya sumaku. Kila kitu kinachosikika kwenye spika zako kimetokea hapo. Unaweza kununua sabufa ya kutikisa mabati ya jirani, lakini kama sindano imekosea kusoma, sabufa itakupigia makosa yale yale, tena kwa sauti kubwa.

Na kwa nini mwisho wa upande ndiyo unasikika vibaya zaidi? LP inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, haibadilishi mwendo. Lakini ukingoni duara ni kubwa, katikati ni dogo. Ukipiga hesabu utaona kwamba pale mwanzo sindano inapita kama sentimita 50 za mfereji kwa sekunde moja, na karibu na lebo inapita kama 21 tu. Mawimbi yale yale yamebanwa mahali padogo, na sindano yenye ncha nene au iliyolika haiwezi kuingia kwenye kona hizo. Inazikata juu juu, ndiyo unasikia kupasuka.

Sasa ngoja nikupe kisa cha nyumbani. Baba yangu mkubwa alipiga tarumbeta kwenye bendi moja ya jazi miaka ya sabini. Ana santuri moja ndogo ya 45, wimbo umekatwa vipande viwili kama ilivyokuwa kawaida: upande wa kwanza wanaimba, upande wa pili vyombo vinafunguka na watu wanacheza. Tarumbeta lake liko upande wa pili, tena mwishoni kabisa, karibu na lebo. Yaani mahali pabaya kuliko pote! Santuri nyingi za bendi zetu zilitengenezwa Nairobi, maana hapa kwetu hakukuwa na kiwanda cha santuri, na hiyo ya kwake hatujaiona nyingine popote. Iko hiyo moja tu.

Mwaka jana binamu zangu wakaja na wazo zuri: santuri zote za mzee zihamishiwe kwenye flashi, kila mtu apate nakala. Fundi akapatikana, bei ikakubaliwa. Mimi nikaweka mguu mlangoni. Nikawaambia jamani, sindano iliyopo ina umri kuliko sisi sote, na juu ya mkono wa pleya imegandishwa sarafu ya shilingi moja ili isirukeruke. Tukihamisha hivi tutakuwa tumehifadhi mkwaruzo, siyo tarumbeta. Na kila tunapoipiga tunaikwangua zaidi. Wakaniona najidai. Baba mkubwa akasema, "Mwacheni mtoto ajaribu, hata mimi nimechoka kusikia samaki."

Basi nikaanza kuchunguza, na haya ndiyo niliyoyapata. Yakuingie kichwani kabla hujatoa mshiko wako.

Kwanza, jua una pleya ya namna gani. Zile za sanduku, za zamani na hata nyingi za siku hizi zenye rangi za kupendeza, hutumia katriji ya seramiki. Hiyo inatoa umeme mwingi, lakini inalalia santuri kwa uzito wa gramu 4 au 5, au zaidi. Mkono wake umejengwa kwa uzito huo, huwezi kuipachika katriji ya sumaku ikafanya kazi. Hapo badili sindano tu ikiisha, halafu weka akiba ununue pleya nyingine.

Pili, kama mkono wa pleya yako una kizani kwa nyuma cha kuzungusha, na kichwa cha mbele kinachomoka, basi mambo bomba. Nyingi za Kijapani za miaka ya sabini ndivyo zilivyo, ikiwemo ile Technics SL-1200 wanayoiabudu madijei, iliyotoka mwaka 1972. Kwenye pleya za namna hii katriji hufungwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7, kipimo ambacho viwanda karibu vyote hukifuata. Maana yake unaweza kuweka katriji ya kampuni yoyote.

Tatu, umbo la ncha. Ya duara ndiyo rahisi na ngumu kuharibika. Ya yai inaingia vizuri zaidi kwenye kona. Halafu kuna zilizochongwa kitaalamu, ncha nyembamba kweli kweli, zinazosoma mfereji hadi karibu na lebo bila kupasuka. Audio-Technica ya Japani ilitoa mwaka 2018 katriji za VM95, na uzuri wake mwili ni mmoja, sindano unachomoa na kuchomeka. Unaanza na ya yai, ukipata fedha unapanda daraja bila kununua katriji nzima. Kampuni yenyewe inasema ncha ya yai ina maisha ya saa 300 hivi, ya duara 500, na ile iliyochongwa nyembamba 1,000. Kwa hiyo iliyo ghali inadumu mara tatu ya ya yai. Piga hesabu mwenyewe.

Mimi nilichukua mwili na ncha ya yai. Ilipotoka ilikuwa kama dola 50 za Kimarekani. Madukani kwetu sikuipata, nikamwagiza dada mmoja anayefuata vipodozi Dubai. Akaniletea kiboksi kidogo kama cha hereni, akaniuliza, "Na hii nayo ni cheni ya nani?"

Kuifunga siyo uchawi, ila usikurupuke. Ifunge ikiwa na kofia ya kukinga sindano. Nyuma kuna vijinondo vinne na waya nne za rangi: nyeupe na buluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Halafu zungusha kizani mpaka mkono uelee hewani wenyewe, usipande wala usishuke. Hiyo ndiyo sifuri. Sasa ongeza mpaka uzito wanaotaka wenye katriji, kwa hii ni gramu 2. Kuna mizani ndogo za betri za kupimia sindano, bei yake ni ndogo. Usiende kwa kubahatisha! Wengi wanadhani uzito mdogo ndio unaotunza santuri. Si kweli. Sindano nyepesi mno inarukaruka na kugonga kuta za mfereji. Na ile sarafu, mpelekee mtoto akanunue pipi.

Mwisho, usiichomeke kwenye tundu lolote ukategemea muziki. Santuri hukatwa huku besi zimepunguzwa na sauti nyembamba zimeongezwa, kwa kanuni iliyopitishwa Marekani mwaka 1954. Lazima kuwe na kikuza sauti cha santuri cha kurudisha mambo sawa. Amplifaya za zamani zinalo tundu lake, limeandikwa PHONO. Sabufa ya kisasa hainalo, itabidi ununue kidude cha pembeni.

Santuri zenyewe nazo zioge. Maji safi yaliyochujwa, tone la sabuni ya vyombo, brashi laini, lebo isilowe. Ila zile nzito za mwendo wa 78, za enzi za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, usiziguse kwa spiriti, inayeyusha. Na zinataka sindano yake nene, ya kwetu hii inapwaya humo.

Siku ya kujaribu tulijaa sebuleni. Upande wa kwanza ulipita, watu wakaanza kutingisha vichwa. Tukageuza. Ilipofika mwishoni tarumbeta likaja, safi, halipasuki. Mikwaruzo ya miaka yote ipo, maana kilichokwanguliwa hakirudi, ila imekaa nyuma huko. Halafu tukasikia kitu ambacho hatujawahi kukisikia: tarumbeta la pili, chini ya lile la baba mkubwa, linamjibu. Sisi sote tulijua aliyepiga ni yeye peke yake! Mzee akainua kidole tunyamaze. Ulipoisha akasema, "Huyo ni mwenzangu. Tumemzika mwaka themanini na nne. Nilikuwa nimesahau kama yumo."

Baada ya hapo hakuna binamu aliyeniita najidai. Fundi wa flashi aliitwa wiki iliyofuata, na nakala ya kwanza ilikwenda kwa watoto wa yule mwenzake.

Kwa hiyo msomaji wangu, kabla hujahamisha santuri za dingi, kabla hujanunua spika nyingine, na kabla hujawatukana wazee wa watu, tazama ile sindano imefungwa lini. Kama hakuna anayekumbuka, jibu unalo. Mpaka wiki ijayo, sina la ziada. Dundeni taratibu, jirani analala.