Heliamu Isiende Njia ya Kahawa



Sisi wa Isansa twaijua habari ya kahawa. Twaichuma, twaianika, nayo huenda nchi za nje ikiwa bado mbichi. Huko hukaangwa, hutiwa mikebeni, na bei ya mkebe humshangaza aliyeipanda. Sasa mkoa wetu una mali nyingine, na yafaa tuizungumze mapema.

Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba bonde la Ziwa Rukwa lina gesi nyingi ya heliamu. Mwaka 2024 gesi hiyo ilitoka katika kisima cha Itumbula, humu humu mkoani Songwe. Heliamu si ya kujaza maputo tu. Viwanda vya chipu, yaani vijipande vinavyoendesha simu, kompyuta na mashine za hospitali, huitumia kupoza silikoni wakati wa kuitengeneza.

Mataifa makubwa yanagombania chipu. China ilianzisha mfuko wake mwaka 2014 ili isiwategemee wengine. Marekani ilipitisha sheria ya dola bilioni 52 mwaka 2022, na mwaka huo huo ikaizuia China kununua chipu zilizo bora kabisa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, tujenge kiwanda cha chipu Vwawa kesho? Hapana. Asemaye hivyo anawadanganya watu. Kiwanda kama hicho chataka mabilioni ya dola, umeme usiokatika na mafundi wengi. Lakini wenzetu wa Kenya wamekwisha kuanza kidogo kidogo huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Sisi tuanze na hatua iliyo karibu: gesi isafishwe hapa hapa. Sheria ya mwaka 2017 imeipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Ni jambo jema. Ila hisa bila ujuzi ni sawa na kuwa na shamba huku jembe ni la jirani.

Mimi nimesomea ualimu. Nimeona watoto wakichora vyombo vya maabara daftarini bila kuvishika hata siku moja. Mafundi watakapotakiwa, watoto hao watapewa kazi ya kulinda geti. Basi, wanachama wa kila tawi, mkutanoni tusipige makofi tu. Tuulize: maabara iko wapi? Mwalimu wa fizikia yuko wapi? Vijana wangapi wa Momba na Mbozi wamepelekwa kujifunza kusafisha gesi?

Uhuru wa bendera tunao. Uhuru wa ufundi bado, na wa kuudai ni sisi.